Kinena Kikivuja Baada ya Bonge la Damu Kutolewa Ubongoni

Mgonjwa wa kiharusi akishazibuliwa mshipa wa ubongo, macho yote huwa usoni na mikononi: anaongea? Anainua mkono? Sawa, lakini katheta, ule mrija mwembamba wa kutolea bonge, iliingilia kinenani, kwenye ateri kubwa ya paja, na huenda bado ana dawa ya kuyeyusha bonge mwilini. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza manesi wapya wa zamu ya usiku hapa Kisumu.

Hatua ya 1: funua. Familia ikishamfunika mama yao leso mbili na blanketi, bandeji huwa safi kwa juu huku damu ikichuruzika chini ya paja. Vaa glavu, pitisha mkono hadi chini ya makalio. Pima pia mapigo upande wa juu wa nyayo zote mbili. Mguu ukipoa na kupauka, mwite daktari. Rudia kila dakika 15 kwa saa 2 za kwanza, kisha kila nusu saa kwa saa 6.

Hatua ya 2: ikivuja, bonyeza. Hapa ndipo wengi hukosea. Sindano iliingia kwa mshazari kuelekea juu, kwa hiyo ateri imetoboka kama sentimita 2 juu ya kidonda unachokiona. Kurundika pamba juu ya kidonda ni kuficha damu tu. Tafuta mapigo kwa vidole upande wa kitovuni, nyoosha viwiko, egemea kwa uzito wako. Dakika 15 hadi 20, bila kuchungulia! Mwenzako apime presha na kuchora ukingo wa uvimbe kwa kalamu. Mfuko wa mchanga wa kukandamizia kinena mimi siuamini.

Hatua ya 3: kinena kikavu kisikudanganye. Mgongo au ubavu ukiuma, presha ikishuka na moyo ukienda mbio, huenda damu inavujia ndani, nyuma ya tumbo. Mwite daktari, weka dripu ya pili, omba damu ya kuongeza.

Hatua ya 4: presha isizidi 180/105 kwa saa 24. Usiishushe kwa pupa pia, ubongo unaihitaji.

Hatua ya 5: kichwa kikiuma ghafla, akitapika, au mkono uliokwisha kuamka ukilegea tena, simamisha dawa ya kuyeyusha kama bado inaingia, na apelekwe skani ya kichwa papo hapo.

Alfajiri jamaa watafika na chupa ya uji, wakitaka kumketisha. Wajibu kwa upole: “Mama, ngojeni kidogo. Tumpime kumeza kwanza, na mguu huu bado asiukunje.”