Texas: ukihama bila notisi ya maandishi, umeliwa

Jamani mlioko Texas na mnaokuja, naandika hii huku bado nalipa deni la nyumba niliyotoka mwaka jana, kwa hiyo mnisamehe nikipandisha sauti.

Kuingia apatimenti sio kazi. Kitambulisho, hati za mshahara, wengi wanataka kipato mara 3 ya kodi, unalipia fomu, unasaini, unapewa funguo. Hakuna kumlipa dalali wala kulipa miezi sita kwa mpigo kama Dar, ndio maana tunalewa, tunasaini lizi, yaani mkataba wa kupanga, kurasa kibao hatujasoma hata mbili. Mtego uko kwenye kutoka.

Lizi yangu Dallas ilikuwa inaisha tarehe 31 Julai. Nikajua kuisha ni kuisha, kama kwetu, mkataba umefika mwisho na huongezi kodi si unabeba godoro lako unaenda. Mwezi wa sita nikapita ofisini nikamwambia yule dada wa mapokezi kwamba nahamia Houston, akacheka vizuri, akanitakia safari njema, siku ya mwisho nikamkabidhi funguo, nyumba nimeipiga deki inang'aa. Dipoziti yangu, ile amana unayoweka ukiingia na kurudishiwa ukitoka, dola 600, nikaanza kuipangia matumizi.

Kumbe ndani ya lizi kuna kifungu kinasema lazima utoe notisi ya maandishi siku 60 kabla ya kutoka, hata kama lizi inaisha yenyewe. Usipotoa, mkataba haufi, unageuka wa mwezi kwa mwezi na kodi inaendelea kutembea. Tena kiliandikwa kwa herufi nene, na hizo herufi nene sio urembo: sheria ya Texas inasema sharti la notisi haliwezi kukuzuilia dipoziti mpaka liwe limepigiwa mstari au limeandikwa kwa herufi nene zinazoonekana. Wao walitimiza, mimi ndio nilipita juu yake kama tangazo la soda. Ukishika lizi anzia kwenye herufi nene. Narudia, anzia hapo, bei ya maji utaisoma baadaye.

Halafu kosa la pili likapanda juu ya la kwanza. Mwenye nyumba ana siku 30 baada ya wewe kutoka kurudisha dipoziti au kukuandikia kakata nini na kwa nini, lakini halazimiki kufanya hivyo mpaka umpe anwani yako mpya kwa maandishi. Usipompa hela haipotei kuwa yake, ila itakaa tu hapo inakusubiri. Mimi anwani niliitaja kwa mdomo, kwa dada yuleyule! Barua zao zikaenda kwenye mlango niliohama, na nilikuja kujua nadaiwa siku nilipoomba mkopo wa gari nikanyimwa, deni lishafika kwa wakusanya madeni, dola 1,140, na dipoziti wameshaimeza.

Mama akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, si uende na mtu mzima mkaongee na mwenye nyumba?" Mama yangu, mwenye nyumba yupi? Ni kampuni, miaka miwili sijawahi kumuona mtu anayeitwa mwenye nyumba, na mjumbe wa nyumba kumi huku hakuna. Hawa watu wanakuchekea kweli na wala sio wanafiki, ila kucheka ni kucheka na makaratasi ni makaratasi. Sisi tumezoea mtu akiitikia "sawa" basi yameisha. Huku "sawa" haina muhuri.

Ila sheria ni msumeno. Jamaa yangu Mkongo wa Fort Worth walitaka kumkata dipoziti yote kwa rangi na kapeti, yeye alikuwa na picha na nakala ya notisi, akawaandikia kwamba uchakavu wa kawaida haukatwi, na mwenye nyumba akizuia hela kwa nia mbaya anaweza kuamriwa kulipa dola 100 pamoja na mara 3 ya alichozuia, na kesi mpaka dola 20,000 inasikilizwa mahakama ndogo ya huko huko hata bila wakili. Hela ilirudi haraka!

Na nyie wadogo zangu mnaonipigia "braza nisainie tu lizi, nitalipa mwenyewe", nawapenda ila mkisaini wawili, kwa lizi nyingi kila mmoja anadaiwa yote. Rumeti akitoroka usiku na begi lake, kodi nzima ni yako.

Ukilazimika kutoka katikati ya lizi, sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba ajitahidi kutafuta mpangaji mwingine, haruhusiwi kukaa tu anakuhesabia miezi.

Walioko kwingine msinikopi. Muda wa mwenye nyumba kurudisha dipoziti New York ni siku 14, California 21, Minnesota wiki 3. California tangu Julai 2024 wenye nyumba wengi hawaruhusiwi kuchukua dipoziti zaidi ya kodi ya mwezi mmoja, Texas hakuna kikomo.

Barua yenyewe ni mistari minne: jina na namba ya apatimenti, tarehe unayotoka, anwani mpya, saini. Hesabu siku 60 kwa kalenda, sio kwa kichwa, ongeza na wiki moja ya uzembe wako. Itume posta kwa rejista upate risiti, nakala nyingine ipeleke ofisini wakugongee tarehe, piga picha. Yule dada akikuambia haina haja, ameshaandika, mwambie asante dada, naomba unigongee tu hapa.