Namna ya Kutengeneza Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa Kufuata Sheria na bila Kuidhuru

Mtu aliyerithi, aliyenunua au aliyepanga nyumba katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hujikuta na wajibu wa aina mbili kwa wakati mmoja. Nyumba yenyewe imo katika eneo la hifadhi, lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kwa hivyo haibadilishwi kwa matakwa ya mwenyewe tu. Lakini ndani yake wanaishi watu, mara nyingi familia kadhaa chini ya paa moja, ambao wanastahili paa lisilovuja, ukuta usioinama na choo kisichomwagikia chumba cha jirani. Wengi huamini kwamba wajibu huu wa pili hauwezi kutimizwa bila ya kuukiuka ule wa kwanza. Kwa maoni yangu ugomvi huo huzuka zaidi pale mwenye nyumba anapomwita fundi kabla ya kupata kibali, au anaponunua rangi kabla ya kuyazuia maji.

Kabla ya yote, hakikisha nyumba ni ya nani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na watu kutoka mashamba na mitaa mingine wakahamia ndani yake. Leo nyumba mbili zinazoshirikiana ukuta mmoja katika mtaa wa Kiponda au Malindi zinaweza kuwa na wenyewe wa aina tofauti kabisa: moja ikawa ya mtu binafsi, na ya pili ikawa ya Serikali chini ya Shirika la Nyumba la Zanzibar, au ya wakfu chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba ya wakfu haiuzwi wala haibadilishwi matumizi kwa makubaliano ya wapangaji, hata kama wameishi humo miaka mingi na kuitengeneza kwa fedha zao. Nyumba ya mirathi nayo ina mtihani wake, kwa kuwa warithi huenda mmoja yuko Shangani, wawili wako Muscat na mwengine yuko London, na saini ya aliyeko Shangani haiwafungi wenzake. Malizeni kwanza suala la mirathi, kisha mpeni mtu mmoja hati ya uwakala iliyothibitishwa kisheria, ili awe na uwezo wa kuomba kibali na kuingia mkataba na mafundi kwa niaba ya wote. Hatua hii inachosha, lakini fedha zinazotumika kabla yake ndizo zinazoishia mahakamani.

Mamlaka inayosimamia eneo hili ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Ilipata sheria yake mwaka 1994, na sheria nyengine ikafuata mwaka 2010. Katika miaka hiyo ya tisini ulitayarishwa pia mpango wa uhifadhi kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, ambao uliyapanga majengo kwa madaraja. Majengo ya daraja la kwanza ni yale yenye thamani kubwa ya kihistoria, ambayo ruhusa ya kuyagusa ni finyu mno. Ya daraja la pili yanaweza kufanyiwa mabadiliko zaidi, khasa ndani, iwapo sura na mfumo wake vinabaki. Yako pia majengo ambayo hayamo katika daraja lolote, lakini baraza, mlango, roshani au dirisha lake vinahesabika kuwa sehemu ya sura ya mtaa na hivyo vinalindwa. Swali la kwanza la kuuliza ofisini, kwa hiyo, ni nyumba yako imewekwa daraja gani na ni sehemu zipi zilizotajwa. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonesha mipaka ya kazi yako, na ni vyema ulipate kwa maandishi.

Kibali kinahitajika kwa mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Kuongeza ghorofa au chumba juu ya paa ni jambo lililo wazi. Lakini kuziba dirisha, kubadili dirisha la mbao kwa la alumini, kuvunja baraza ili kupata nafasi ya duka, kung'oa mlango wa nakshi, kubandika ubao wa tangazo na kugeuza nyumba ya kuishi kuwa hoteli, vyote hivi vinahitaji ruhusa. Mlango wa nakshi usiuzwe wala usihamishwe hata kama mfaa wake, yaani mti wa katikati ya mlango, umeoza. Fundi seremala mzuri hukata sehemu iliyooza peke yake na kuunga kipande kipya cha mbao ya jamii ile ile. Anza kwa sheha, yaani kiongozi wa Serikali katika shehia yako, ambaye anaijua nyumba na waliomo. Kisha peleka kwa Mamlaka maombi yenye uthibitisho wa umiliki, picha za nyumba kwa nje na ndani, michoro ya hali ilivyo na ya kazi inayokusudiwa, pamoja na maelezo ya vifaa utakavyotumia. Ulizia mapema orodha ya viambatanisho inayotumika wakati huo, na uwaombe maofisa waje kuiona nyumba kabla hujawalipa wachoraji. Ukianza bila ya kibali unaweza kuamriwa usimamishe kazi hali paa liko wazi na mvua za masika zinakaribia, na hapo hasara ni ya nyumba kabla ya kuwa yako.

Wakati maombi yakishughulikiwa, ikague nyumba. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na sakafu zake za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Upana wa vyumba, ambao kwa kawaida hauzidi sana mita 3, unatokana na urefu wa boriti hizo. Boriti hazibebi sakafu tu, kwani zinazishika pia kuta za huku na za kule zisiachane. Ncha ya boriti iliyozama ukutani ndiyo inayooza mwanzo, kwa sababu ndimo unyevu unamojificha, na mchwa nao hupenda kuingilia hapo hapo. Ikishaoza, sakafu hushuka kidogo, na ukuta uliokuwa umeshikwa huanza kutanuka kuelekea kichochoroni. Kwa hiyo ukiona ufa unaoshuka kwenye pembe za chumba cha juu, usianze na lipu. Fungua sehemu ndogo ya dari kando ya ukuta, uichome ncha ya boriti kwa bisibisi, na kama inaingia kama kwenye keki, sakafu hiyo isibebe kitu chochote mpaka itegemezwe kwa magogo.

Ufa usioeleweka uwekee alama. Chora mstari wa penseli pale unapoishia, andika tarehe, kisha utazame tena baada ya wiki chache za mvua. Ufa uliolala miaka thelathini si sawa na ufa unaotembea, na ni huo wa pili unaohitaji mhandisi wa majengo bila ya kuchelewa.

Chanzo cha maji kitafute kuanzia juu. Paa la bati lililowekwa juu ya nyumba iliyokuwa na paa la sakafu, yaani paa bapa, humwaga maji mengi mahali pamoja, na mchirizi ukiziba hayo maji yote huteremkia ukutani. Baada ya paa, kagua vyoo na mabafu yaliyoongezwa katika ghorofa za juu ili kila familia iwe na chake. Ni hitaji la haki kabisa, lakini bomba moja linalovuja taratibu juu ya boriti huharibu zaidi kuliko mvua. Angalia na uzito: tangi la lita 1,000 likijaa maji lina tani nzima, na ukuta wa matofali ya saruji uliojengwa katikati ya chumba kugawa nafasi hukaa juu ya sakafu ambayo haikukusudiwa kuubeba. Tangi literemshwe chini, au liwekwe juu ya ukuta mnene ambao mhandisi ameukubali, na ukuta wa kugawa chumba uwe wa mbao.

Ulinzi wa karatasi peke yake hauzuii jengo kuanguka. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash na linalojulikana kuliko majengo yote ya mji huo, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 hali likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Ndiyo maana familia inayoishi ndani ihamishwe vyumba vinavyoguswa kabla ya boriti ya kwanza kutolewa, na majirani wanaoshirikiana nanyi ukuta wapewe taarifa kwa maandishi, kwani ukuta mmoja ukilegea unaweza kuondoka na nyumba mbili.

Kwenye vifaa, nasisitiza jambo moja kuliko yote: usipake saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Ukuta wa zamani huvuta unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa inauruhusu utoke. Saruji ni ngumu na huufungia ndani. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu hiyo hubanduka ikiwa imeshikana na vipande vya ukuta wenyewe. Fundi atakwambia saruji hukauka upesi na bei yake inajulikana, na ni kweli. Mjibu kwamba unataka chokaa iliyozimwa na kulowekwa kwa wiki kadhaa, ichanganywe kiasi sehemu moja kwa tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa pwani wenye chumvi. Lipu ipakwe kwa matabaka membamba, kila tabaka lisubiriwe kushika kabla ya linalofuata, na jua kali lizuiliwe kwa magunia yenye maji. Kwa kumalizia, paka chokaa nyeupe, si rangi ya plastiki, ambayo hufunga ukuta kama ifanyavyo saruji. Boriti nazo zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali cha mazao ya misitu, kwa sababu ukataji wa mikoko unadhibitiwa, na uziache zikauke vizuri kabla ya kuzizamisha ukutani.

Aliyepanga hana uwezo wa kuomba kibali cha kubadili nyumba, lakini hapaswi kunyamaza. Aandike barua kwa mwenye nyumba, awe mtu binafsi, Shirika au Kamisheni, akitaja chumba, tatizo na tarehe, aambatanishe picha, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa hali ni ya hatari, nakala iende kwa sheha na kwa Mamlaka siku hiyo hiyo. Lawama yangu kwa sera ya uhifadhi ni hapa: imekuwa na jicho kali kwa milango na madirisha yanayoonekana na wageni, na jicho dogo kwa chumba cha nyuma ambamo mpangaji anayelipa kodi ndogo amewekea ndoo chini ya paa linalovuja. Kodi ndogo haimpi mwenye nyumba mtaji wa matengenezo, na nyumba isiyotengenezwa haimpi sababu ya kudai kodi kubwa. Ambapo wapangaji na mwenye nyumba wamekubaliana kwa mkataba kwamba gharama ya mchirizi au bomba itakatwa kwenye kodi, kazi ndogo hufanyika mapema. Makubaliano ya mdomo huishia kwenye ugomvi.

Kazi ikimalizika, waombe maofisa waje kuikagua na wakupe barua ya kuthibitisha. Ihifadhi pamoja na kibali, michoro, risiti na picha za boriti zilizobadilishwa kabla hazijafunikwa, kwa sababu atakayeomba kibali baada yako ataulizwa nini kimo nyuma ya lipu ile. Michirizi isafishwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.