Uko na endo (endometriosi, ule ugonjwa wa maumivu makali ya hedhi) na unataka kukimbia kuchangisha pesa? Panga hivi

Kabla hata hujalipia tisheti, usifunge pesa za watu na kilomita. Ukiandika kwa grupu ya Wotsap "nichangieni mia kwa kila kilomita nitakimbia" umejiwekea mtego, juu endometriosi haijui tarehe ya mbio, na utajipata kilomita ya sita umejikunja na bado unajisukuma mana unaona aibu kusimama. Andika hivi: nitatembea ama nitakimbia venye mwili utakubali, na mchango wako unaenda hata nikiishia njiani. Akitokea mtu wa kuuliza basi anachangia nini kama humalizi, huyo hangetoa hata ungemaliza.

Halafu chagua mbio. Nairobi Marathon ya Oktoba iko na kilomita 42, 21, 10 na 5, na mimi naona 5 ama 10 zinatosha kabisa, hakuna mtu anauliza ulitoa jasho kiasi gani ndio atume pesa. Mater Heart Run ni ya kusaidia watoto wenye shida ya moyo. Kama unataka pesa ziende kwa wagonjwa wa endo wenyewe, panga matembezi yako Machi, ndio mwezi wa uhamasisho wa endo, rangi yake njano. Ila Machi mvua ya masika huwa inaanza, so viatu vya kushika tope.

Matembezi yenyewe fanyia msitu wa Karura hapo Nairobi, usikimbilie Ngong Hills juu ya picha. Ngong ni vilima saba, upepo, mita 2,460 hapo kileleni, na ukishaenda mbali kupata choo ama boda ya kukurudisha si rahisi. Karura makutano ya njia yako na nambari, kwa hivyo ukishikwa na maumivu unapiga simu unasema niko nambari fulani, njooni. Mkiwa wengi ulizia ofisi ya msitu mapema.

Sasa hospitali. Mwambie daktari wako wa wanawake unachotaka kufanya, na upimwe HB (kiwango cha damu), hii usiruke. Ukitoka damu nyingi kila mwezi damu inapungua, na Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, so unaanza kuhema kwa kamlima kadogo unafikiri ni uvivu kumbe ni damu. Dawa za homoni usiache, na usianze tembe za kusukuma hedhi mbele kwa sababu ya mbio bila kuongea na yeye. Ibuprofeni na diklofenaki usimeze tumbo likiwa tupu, na usiongeze dozi katikati ya mbio ukiwa umekaukiwa na maji, hapo figo ndio zinaumia. Na kama kifua ama bega linakuuma kila ukiwa kwa hedhi, ama unakosa pumzi, hiyo ichunguzwe kwanza, mbio ingoje.

Mazoezi hesabu kwa dakika. Anza na kutembea dakika 20, ongeza polepole, na wiki ikiwa mbaya tembea tu ama lala, programu ya kwa simu ikikukemea izime. Misuli ya mapaja kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu ya nyonga yanayokufanya ubadilishe mwendo, kizunguzungu, ama pedi kujaa ndani ya saa moja, hapo unasimama na unatafuta usaidizi.

Siku yenyewe vaa taiti ya kiuno kirefu saizi moja juu ya yako, tumbo likifura ile ya kawaida inakata kama waya hapo chini ya kitovu. Iwe nyeusi. Kabegi kadogo kabebe pedi, chupi moja, tishu (vyoo vya mbio huwa zimeisha kabla ya saa mbili), dawa uliyozoea, maji na pesa ya teksi. Anzia nyuma kabisa ya umati, hakuna mtu anakusukuma huko. Na kuwe na rafiki anayejua mpango, amekubali kuacha mbio yake akutoe.

Ujumbe wa kuomba pesa uwe mfupi. Eleza kwamba tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inaota kwingine, kwa ovari, kwa mirija, hata kwa matumbo, na WHO inakadiria inashika karibu 10% ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani. Wakenya wengi walisikia neno endo kwa mtangazaji Njambi Koikai, aliyekuwa nayo na aliyefariki Juni 2024, so ukimtaja hauanzi mwanzo. Pesa ziingie Paybill (nambari ya malipo ya M-Pesa) ya shirika lenyewe ama M-Changa, ile ya kuchangisha pesa mtandaoni, zisiingie laini yako, utaulizwa maswali hadi na shangazi.

Ukimaliza, ama usipomaliza, tuma jumla siku hiyo hiyo. Wale wa "nitatuma" wakumbushe mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, tarehe kumi na tano huwa hawashiki simu.