Kabla ya kutoka na kamera kumfuata mdudu

Saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado mzito majanini, vunjajungu hana haraka. Mwili wake haujapata joto la jua, na unaweza kumsogelea mpaka lenzi ikakaribia kumgusa. Ifikapo saa tatu, huyo huyo ataruka kabla hujapiga goti. Kwa hiyo chaji betri usiku, futa memori kadi, mfuko uulaze karibu na mlango.

Lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, ni ghali. Anayeanza aridhike na kijilenzi cha kubana kwenye simu, au pete za kurefusha lenzi aliyonayo, zinazovishwa kati yake na kamera.

Kinachotaka muda wako ni mwanga. Ukisogea karibu namna hiyo, sehemu inayotoka kali pichani ni nyembamba mno, mara nyingi haifiki milimita moja: ukilipata jicho la buibui, miguu ya nyuma ina ukungu. Ndiyo maana tunabana tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu linapungua), na likibanwa giza linaingia, flashi inakuwa lazima. Nayo flashi tupu kwenye gamba la mbawakawa huacha doa jeupe kama bati juani. Ifunike kwa karatasi nyeupe nyepesi, na karatasi hiyo iwe karibu na mdudu kadiri iwezekanavyo. Fanyia mazoezi punje ya mchele mezani mpaka mkono uzoee.

Chomeka suruali ndani ya soksi, maana jicho likiwa kwenye kamera huwaoni siafu wanaopanda. Msimu wa mvua mchunge nairobi flai, yule mwembamba wa rangi ya chungwa na nyeusi. Haumi, lakini ukimponda, majimaji yake huiunguza ngozi ikatoka malengelenge. Akikutua, mpulize. Ukimponda bila kukusudia, nawa kwa sabuni upesi, na usiguse macho.

Shamba la mtu, piga hodi. Hifadhini, kama Amani kule milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, kuna kiingilio.

Wapo wanaomtia mdudu kwenye friji ili atulie. Tafadhali usifanye hivyo. Buibui mrukaji ana macho manane, mawili makubwa yako mbele. Mwache kwenye jani lake, sogea polepole, atageuka mwenyewe akutazame. Hapo ndipo ubonyeze.