Kuhesabu popo wa Pemba bila kuwatimua

Popo mkubwa wa Pemba hapatikani kwengine duniani, na huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anapiga makofi chini ya mti ili waruke apate picha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Wanavijiji, kama wa Kidike, walipoamua kuwalinda, wakaongezeka hadi maelfu. Ongezeko hilo hulijui usipohesabu, na kuhesabu kuna utaratibu wake.

Kwanza piga hodi kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na kwa mwenye shamba. Kama miti imo makaburini, waulize wazee pa kusimama.

Fika baada ya alasiri, ukae mbali, pale ambapo darubini ndiyo inayokuonesha uso wa popo. Jua likiwa kali, utawaona wanakunjua bawa moja na kujipepea taratibu, kama kina mama ukumbini siku ya harusi. Hapo ujue hawajakuhofu. Wakiacha kujipepea, vichwa vikainuka na masikio yakakuelekea, umeshasogea mno. Rudi nyuma, nyamaza, ungoje waanze tena.

Mchana usihangaike na hesabu, majani huficha wengi. Hesabu ninayoiamini ni ya jioni, wanapotoka kwenda kula. Simama ukielekea machweo, maana huko ndiko mbingu hubaki na mwanga. Mkiwa wawili au watatu, gaweni anga kwa minazi: wewe kutoka mnazi huu hadi ule, mwenzio aendelee hapo. Hesabu popo anayevuka mstari wako tu. Akizunguka akarudi, mtoe. Wakianza kumiminika, hesabu kumi kumi, na kila kumi ikitimia hamisha kijiwe kimoja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, macho yasishuke kwenye daftari. Maghribi salini kwa zamu, mstari usibaki wazi. Giza likiingia, basi. Usiwamulike kwa tochi waliobaki. Andika tu kwamba wapo ambao hawakuhesabiwa.

Asubuhi yake pita kwenye miti wanayokula: mikuyu, miembe, mishelisheli. Popo hutafuna tunda, akafyonza maji yake, akatema makapi. Yaokote yaliyokauka uyatazame karibu: yamebanwa bapa, na yana mifuo ya kaakaa lake. Andika ni ya tunda gani, na kama kuna visiki vipya karibu. Mimi visiki navipa uzito sawa na popo wenyewe. Ukikuta popo ameanguka, usimshike kwa mkono mtupu, huuma. Mwite mlinzi wa kijiji.

Mvua ikinyesha ahirisha. Rudieni jioni nyengine, watu walewale, mahali palepale, na nakala moja ya hesabu ibaki kwa sheha.