Kuziona taa za gari si kuonekana na dereva

Ukitembea barabarani usiku, taa za gari unaziona likiwa bado mbali, ukadhani na dereva keshakuona. Mara nyingi hajakuona. Taa za dimu, yaani zilizoshushwa zisiwaumize macho wanaokuja, zinamulika vizuri mita 40 hadi 60 hivi, na ukiwa umevaa nguo nyeusi unaweza kumtokea dereva ukiwa karibu zaidi ya hapo. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mpaka mguu ufike kwenye breki, nafasi imekwisha.

Pabaya zaidi ni pale magari mawili yanapopishana. Aliyesimama katikati ya barabara akisubiri humezwa na mwanga wa pande zote mbili. Kwa hiyo usiku usivuke nusu nusu. Subiri yapite yote, na macho yako nayo yapate sekunde chache za kuzoea giza.

Nguo nyeupe inasaidia, ila si kama watu wanavyodhani. Utepe unaoakisi mwanga ndio wenyewe, na uufunge kwenye vifundo vya miguu, si kifuani tu: taa za dimu humulika chini, halafu miguu inayopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba huyu ni mtu, si nguzo. Huna utepe? Washa tochi ya simu, uielekeze miguuni pako. Ukimmulika dereva machoni, ndiyo kwanza unampofusha.

Na pasipo na njia ya miguu, tembea upande unaotazamana na magari yanayokuja.