Kusoma Dracula baada ya kudanganywa na sinema

Mara ya kwanza niliishia sura ya sita. Nilitaka popo na kasri, nikakuta wasichana wawili wamekaa makaburini Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, wanapiga soga na mzee. Nikakifunga. Nilipokirudia nilikwenda hivi.

Toa jua kichwani. Dracula, yule maiti mnyonya damu wa riwaya ya Bram Stoker ya 1897, haungui kwa jua. Mchana humpunguzia uwezo tu. Jonathan, wakili kijana aliyewahi kuwa mgeni kasrini kwake, anamwona Piccadilly, London, mchana kweupe, tena kawa kijana kuliko alivyomwacha. Jua la kuua lililetwa na filamu ya Nosferatu, 1922.

Kisha shika daftari, maana hiki kitabu ni jalada: shajara, barua, telegramu, vipande vya magazeti. Kila kipande andika nani anasema na tarehe gani. Tarehe zinarudi nyuma, na hapo ndipo penye utamu: wewe unajua Jonathan kafungiwa wapi, Mina, mchumba wake, bado anashangaa mbona barua haziji.

Mambo madogo usiyaruke. Njiani Jonathan anakula kuku wa pilipili, anajikumbusha amtafutie Mina namna ya kupika kuku huyo. Siku chache baadaye ananyoa, anashikwa bega, na kwenye kioo hamna mtu nyuma yake. Chai yangu ilipoa hapo.

Sura ya saba isome usiku: daftari la nahodha wa meli ambayo mabaharia wake wanapungua mmoja mmoja.

(Shangazi aliniuliza nasoma nini, nikamjibu mumiani wa Ulaya. Nilikosea. Mumiani tuliyetishiwa naye utotoni ni mtu hai, anachukua damu akauze. Huyu ni maiti, na anainywa mwenyewe.)

Sura ya 18 tia alama. Van Helsing, daktari anayeongoza msako wa Dracula, anataja masharti yanayombana: haingii nyumba ambayo hajaambiwa karibu, akishaambiwa mara moja basi, huingia atakavyo, na lazima alale kwenye udongo wa kwao, ndiyo sababu ya yale masanduku 50 ya udongo anayosafiri nayo. Ukimaliza rudi sura ya pili, mlangoni kwa Dracula. Amesimama kama sanamu, anamwambia mgeni aingie kwa hiari yake, na hasogei mpaka Jonathan avuke kizingiti. Mara ya kwanza niliona ni adabu.

Mwishoni usingoje kigingi cha moyoni. Hicho kilikuwa cha Lucy, rafiki wa Mina aliyegeuzwa mnyonya damu. Dracula anamalizwa kwa visu viwili jua likizama, mistari michache tu. Mimi niliipita, ikabidi nirudi kuitafuta.